Matukio ya tarehe moja: namna ya kutunga swali la kila siku litakalostahimili ubishi

Swali: Kila asubuhi huwatumia wenzangu katika kikundi chetu swali moja la chemshabongo linalotokana na matukio ya historia yaliyotokea tarehe kama ya siku hiyo. Tarehe 23 Aprili niliandika kwamba waandishi Shakespeare wa Uingereza na Cervantes wa Hispania walifariki siku moja mwaka 1616, kisha nikauliza ni maadhimisho gani ya kimataifa yaliyowekwa tarehe hiyo. Mwenzetu mmoja alipinga akisema kwamba hawakufariki siku moja, na mabishano yakachukua siku nzima. Je, nani alikuwa sahihi? Na nichagueje matukio na kutunga maswali ili tarehe zisinitie aibu, na maswali yenyewe yasiwe ya kukariri miaka tu?

Jibu: Ndugu mwulizaji, mwenzenu alikuwa sahihi, na wakati huohuo tarehe uliyoiandika imo katika vitabu vingi vya kuaminika. Mambo hayo mawili yanawezekana kwa pamoja kwa sababu mwaka 1616 Hispania na Uingereza hazikuwa zikitumia kalenda moja. Hispania ilikuwa imeshahamia kalenda ya Gregori, ambayo ndiyo tunayoitumia leo, tangu 1582, ilhali Uingereza iliendelea na kalenda ya zamani ya Juliasi hadi 1752, na katika karne ile kalenda hizo zilipishana kwa siku 10. Shakespeare alifariki 23 Aprili kwa hesabu ya Waingereza, siku ambayo huko Madrid ilikuwa tayari ni 3 Mei. Isitoshe, watafiti wengi wanaona kwamba Cervantes alifariki 22 Aprili na kuzikwa kesho yake, kwa hiyo hata ile 23 ya upande wake ni tarehe ya maziko. UNESCO ilipoiteua 23 Aprili mwaka 1995 kuwa Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani, iliangalia tarehe zilizozoeleka katika kumbukumbu, na uteuzi huo hauna kasoro. Jibu ulilolitarajia lilikuwa sahihi. Kilichoharibika ni pale uliposema walifariki siku moja, mahali ambapo ungesema tu kwamba vifo vyao vinakumbukwa kwa tarehe moja.

Tofauti hiyo kati ya siku na tarehe ndiyo msingi wa kazi yote unayoifanya. Siku hupita mara moja na kwisha, lakini tarehe ni jina ambalo watu wa mahali fulani wameipa siku hiyo kwa hesabu yao wenyewe, na hesabu hizo zina historia ndefu, yenye ugomvi na maamuzi ya watawala. Mtunzi wa maswali ya namna hii anapaswa kujua, kwa kila tukio, tarehe hiyo ilihesabiwa na nani, kwa kalenda gani na mahali gani. Akishazoea kuuliza hivyo, ataona kwamba mambo yaleyale yanayozua ubishi ndiyo yanayompa maswali bora kuliko mengine yote.

Tuanze na kalenda, kwa kuwa huko ndiko kunakotoka mabishano mengi. Kwa amri ya Papa Gregori wa 13, Alhamisi ya 4 Oktoba 1582 ilifuatwa na Ijumaa ya 15 Oktoba 1582 katika Hispania, Ureno, Poland na sehemu kubwa ya Italia. Mfuatano wa siku za wiki haukukatika. Zilizorukwa ni tarehe 10 tu. Mtawa Teresa wa Ávila alifariki usiku huohuo, na hii ndiyo sababu Kanisa Katoliki linamkumbuka 15 Oktoba. Ukitafuta swali la tarehe hiyo, silijui lililo zuri kuliko hili: mtu aliwezaje kufariki usiku wa tarehe 4 na kulipopambazuka ikawa tarehe 15? Anayejua habari za mageuzi ya kalenda atajibu papo hapo, na asiyejua anaweza kulifikia jibu kwa kufikiri tu, jambo ambalo swali la "mwaka gani" halimruhusu kamwe kulifanya.

Uingereza na makoloni yake zilichelewa mpaka Jumatano ya 2 Septemba 1752, iliyofuatwa na Alhamisi ya 14 Septemba, kwa kuwa kufikia wakati huo tofauti ilikuwa imekua hadi siku 11. Kulikuwa na jambo la pili ambalo wengi hulisahau: katika Uingereza mwaka wa kisheria ulikuwa ukianza 25 Machi, si 1 Januari, mpaka sheria hiyohiyo ya mabadiliko ilipoondoa desturi hiyo. Kwa sababu hizo mbili George Washington aliandikwa kuwa amezaliwa 11 Februari 1731, lakini leo anakumbukwa kuwa alizaliwa 22 Februari 1732. Ukikuta vyanzo viwili vinavyopishana kwa siku 10 au 11, au vinavyopishana kwa mwaka mzima katika tukio la Januari, Februari au Machi, usiharakishe kusema kimoja kimekosea. Mara nyingi vyote viwili ni sahihi, kila kimoja kwa hesabu yake.

Mfano ninaoupenda zaidi katika jambo hili ni ule wa wanasayansi Galileo wa Italia na Newton wa Uingereza. Imesemwa mara nyingi kwamba Newton alizaliwa mwaka uleule aliofariki Galileo, kana kwamba mmoja alimkabidhi mwenzake kazi. Galileo alifariki 8 Januari 1642 kwa kalenda ya Gregori iliyokuwa ikitumika Italia. Newton alizaliwa 25 Desemba 1642 kwa kalenda ya Juliasi ya Uingereza. Ukiwapima wote wawili kwa Gregori, Newton alizaliwa 4 Januari 1643. Ukiwapima wote wawili kwa Juliasi, Galileo alifariki 29 Desemba 1641. Kwa kalenda yoyote utakayoichagua, miaka yao haikutani. Hukutana pale tu unapoichukua tarehe ya mmoja kwa kalenda moja na ya mwenzake kwa kalenda nyingine. Linganisha na dai jingine linalofanana nalo kwa sura, kwamba Stephen Hawking alizaliwa 8 Januari 1942, miaka 300 kamili baada ya kifo cha Galileo. Dai hili linasimama, kwa sababu tarehe zote mbili ni za Gregori.

Kutokana na mifano hiyo nakupa kanuni ninayoifuata. Ikiwa swali lako linasema tu kwamba matukio ya karne mbalimbali yanakumbukwa tarehe moja, tumia tarehe ambayo wanahistoria wa mahali husika huitumia, na huna haja ya kubadili chochote. Matukio ya kabla ya Oktoba 1582 huachwa katika kalenda ya Juliasi kwa makubaliano ya wataalamu, kwa hiyo kuanguka kwa mji wa Konstantinopoli (Istanbul ya leo) ni 29 Mei 1453, na Columbus kufika katika visiwa vya Karibi ni 12 Oktoba 1492. Lakini mara unaposema "siku moja", au "miaka kadhaa kamili", umeingia katika hesabu ya siku zenyewe, na hapo kalenda lazima ziwe sawa. Edmund Hillary na Tenzing Norgay walifika kilele cha Everest 29 Mei 1953. Ni halali kuwaweka pamoja na Konstantinopoli katika swali la 29 Mei, lakini si halali kusema imetimia miaka 500 kamili, maana kwa hesabu ya Gregori mji ule ulianguka 7 Juni, na miaka hiyo 500 inapungukiwa na siku 9.

Urusi ilibadili kalenda baada ya mapinduzi: 31 Januari 1918 ilifuatwa na 14 Februari 1918. Ndiyo maana Mapinduzi ya Oktoba, yaliyotokea 25 Oktoba 1917 kwa hesabu ya zamani, yaliadhimishwa 7 Novemba miaka yote ya Umoja wa Kisovyeti. Ethiopia nayo ina kalenda yake hadi leo, na hapa pana mtego mzuri sana kwa mtunzi makini. Jeshi la mfalme wa Ethiopia, Menelik II, liliwashinda Waitalia huko Adwa 1 Machi 1896, ambayo kwa kalenda ya Ethiopia ilikuwa 23 Yekatit 1888. Waethiopia huadhimisha ushindi huo kila 23 Yekatit, lakini tarehe hiyo siku hizi huangukia 2 Machi, kwa sababu mwaka 1900 haukuwa mwaka mrefu, yaani wenye 29 Februari, katika kalenda ya Gregori, na kuanzia hapo kalenda hizo mbili zikapishana kwa siku moja zaidi. Ukituma swali la Adwa 1 Machi, unafuata siku ya vita. Ukilituma 2 Machi, unafuata maadhimisho. Yote mawili yanakubalika mradi useme ni lipi. Matukio yanayokumbukwa kwa tarehe za Hijria yana hali tofauti kabisa, kwa kuwa mwaka wa Hijria una siku 354 au 355 na kumbukumbu zake huzunguka misimu yote katika muda wa takriban miaka 33, kwa hiyo yapangie tarehe upya kila mwaka.

Jambo la pili baada ya kalenda ni mahali. Chombo cha Apollo 11 kilitua mwezini 20 Julai 1969 saa 20:17 kwa saa za kimataifa, na Neil Armstrong alikanyaga ardhi ya mwezi saa 02:56, yaani tayari ni 21 Julai kwa saa hizo. Huko Marekani ilikuwa bado usiku wa 20 Julai, na vitabu vyao vimebaki na tarehe hiyo. Kwa watu wa Afrika Mashariki hatua ile ya kwanza ilipigwa alfajiri ya 21 Julai, ikikaribia saa 12 asubuhi. Mtu aliyeishuhudia habari hiyo akiwa upande huu wa dunia na kukuambia kwamba ilikuwa tarehe 21 hajasahau kitu. Hali ni hiyohiyo kwa Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani: Wajapani waliishambulia asubuhi ya 7 Desemba 1941 kwa saa za Hawaii, wakati nchini Japani ilikuwa 8 Desemba. Na kuna jambo linalowashangaza wengi hapo, kwamba wanajeshi wa Japani walianza kushuka Kota Bharu katika nchi ya Malaya (sehemu ya Malaysia ya leo) 8 Desemba kwa saa za huko, zaidi ya saa moja kabla ya mabomu ya Pearl Harbor. Tukio la tarehe 8 lilitangulia tukio la tarehe 7. Swali la kuuliza ni lipi kati ya mashambulio hayo mawili lilianza kwanza litawafanya washiriki wako wafungue ramani, na hilo ni faida kubwa.

Mwisho wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia barani Ulaya nao una tarehe mbili kwa sababu ya saa. Hati ya Ujerumani kujisalimisha ilitiwa saini Berlin usiku wa 8 Mei 1945, wakati Moscow ilikuwa imeshapita usiku wa manane, na kwa hiyo nchi za Magharibi zikashika tarehe 8 na Urusi ikashika tarehe 9.

Sasa niingie katika lile ninaloliona kuwa utamu wenyewe wa kazi hii: kwa nini matukio mawili yamekutana tarehe moja? Watu wengi huishia kwenye mshangao wa kwamba yamekutana. Mshangao huo haudumu, kwa sababu kukutana kwenyewe ni jambo la kawaida mno. Kalenda ina tarehe 366 tu, na mtu akikusanya matukio 2,000 mashuhuri, kila tarehe itapata wastani wa matukio matano au zaidi hata kama hakuna uhusiano wowote kati yake. Wanahisabati walishaonyesha kwamba katika chumba chenye watu 23, uwezekano wa wawili wao kuwa na tarehe moja ya kuzaliwa unapita nusu. Kwa hiyo thamani ya swali lako haitokani na sadfa yenyewe. Inatokana na kumwezesha mshiriki kutambua kama ni sadfa, ama ni uamuzi wa mtu, ama tukio moja lilizaa jingine.

Chukua 26 Januari. Mwaka 1930 wazalendo wa India waliiadhimisha kama siku ya kudai uhuru kamili, na katiba ya India, iliyokuwa imepitishwa 26 Novemba 1949, ilicheleweshwa makusudi ianze kutumika 26 Januari 1950 ili kuiheshimu siku ile. Hapo tarehe imechaguliwa. Lakini 26 Januari 1788 ndipo meli za wafungwa kutoka Uingereza zilipotia nanga katika ghuba ya Sydney, na tukio hilo halihusiani na India kwa lolote. Vivyo hivyo Azimio la Arusha lilitangazwa 5 Februari 1967, na Chama Cha Mapinduzi kikazaliwa 5 Februari 1977 kwa kuunganisha vyama vya TANU cha Tanganyika na ASP cha Zanzibar; miaka hiyo 10 haikutimia kwa bahati. Kwa upande mwingine, chombo cha Columbia cha Marekani kiliruka kwa mara ya kwanza 12 Aprili 1981, miaka 20 kamili baada ya Yuri Gagarin kuwa mwanadamu wa kwanza kufika anga za juu 12 Aprili 1961, na wengi huamini kwamba Wamarekani waliipanga. Ukweli ni kwamba Columbia ilipangwa kuruka tarehe 10, ikazuiwa na hitilafu katika mawasiliano ya kompyuta zake, na siku mbili za matengenezo zikaisogeza mpaka kwenye kumbukumbu ya Gagarin. Kinyume chake kilitokea kwa chombo cha Viking 1, kilichokusudiwa kutua sayari ya Mihiri 4 Julai 1976, Marekani ilipotimiza miaka 200. Mahali palipochaguliwa palionekana kuwa pabaya kwa kutua, shughuli ikaahirishwa, na kikatua 20 Julai, miaka saba kamili baada ya Apollo 11 kutua mwezini.

Tarehe inayoonyesha mahusiano yote matatu kwa mara moja ni 9 Novemba ya Ujerumani, na ningekushauri uitengee muda wa kutosha. Mwaka 1918 siku hiyo Kaiser Wilhelm II aliondolewa na Philipp Scheidemann akatangaza jamhuri mjini Berlin. Mwaka 1923 jaribio la Hitler la kunyakua madaraka, lililoanza jioni ya tarehe 8, lilizimwa Munich mchana wa tarehe 9. Mwaka 1938, usiku wa tarehe 9, masinagogi, nyumba na maduka ya Wayahudi yalishambuliwa nchi nzima. Hili la tatu linafungamana na la pili, kwa sababu viongozi wa Nazi walikuwa wamekusanyika Munich kuadhimisha jaribio la 1923 pale Goebbels, waziri wao wa propaganda, alipotoa hotuba iliyochochea ghasia zile. Mwaka 1989, jioni ya 9 Novemba, msemaji wa chama tawala cha Ujerumani Mashariki, Günter Schabowski, aliulizwa na waandishi wa habari kanuni mpya za kusafiri zingeanza lini, akajibu kwamba zinaanza mara moja, na umati ukamiminika kwenye vizuizi vya Ukuta wa Berlin mpaka vikafunguliwa. Hakuna aliyepanga ufunguzi huo uangukie tarehe ile. Halafu kuna matokeo ya yote hayo: Wajerumani walipochagua sikukuu ya taifa lao lililoungana, walichagua 3 Oktoba, siku muungano ulipoanza kisheria, kwa kuwa 9 Novemba ilikuwa imebeba pia kumbukumbu ya 1938. Swali zuri la tarehe hiyo basi ni hili: kwa nini siku ulipofunguliwa Ukuta wa Berlin haikufanywa sikukuu ya taifa la Ujerumani? Lina jibu moja, linaelezeka kwa sentensi moja, na anayelijibu amefikiria karibu karne nzima ya historia.

Umeuliza namna ya kutunga, na hapa nitakuonyesha kwa mfano mmoja hatua kwa hatua. Tuseme kesho ni 27 Aprili. Ukifungua orodha utakuta, pamoja na mengine, kwamba baharia Magellan aliuawa katika kisiwa cha Mactan, Ufilipino, 1521. Kwamba Togo ilipata uhuru 1960 na Sierra Leone 1961. Na kwamba Afrika Kusini ilipiga kura katika uchaguzi wake wa kwanza wa watu wa rangi zote 1994. Swali dhaifu ni "Sierra Leone ilipata uhuru mwaka gani?" Anayejua anajua, asiyejua anakisia, na hakuna anayejifunza kitu. Swali la wastani ni "Nchi tatu za Afrika zinaiadhimisha 27 Aprili kama sikukuu ya taifa, zitaje." Hili ni bora, lakini ni gumu mno kwa wengi na litawanyamazisha. Jaribu hivi: "Togo na Sierra Leone zinaiadhimisha 27 Aprili kwa kuwa ndiyo siku zilipotoka katika utawala wa kikoloni. Nchi ya tatu ya Afrika inaiadhimisha pia kama Siku ya Uhuru, ilhali wakati wa tukio hilo ilikuwa imeshajitawala kwa miongo mingi. Ni nchi gani, na nini kilitokea siku hiyo?" Maneno "imeshajitawala kwa miongo mingi" yanamfanya mshiriki ajiulize ni uhuru gani unaoweza kupatikana ndani ya nchi ambayo tayari ni huru, na akifika hapo jibu linajitokeza lenyewe. Usiweke mwaka 1994 ndani ya swali, maana utakuwa umelitoa jibu.

Tukio la Magellan lingeweza kukupa swali la pili siku hiyohiyo, kwa wale wanaotaka jambo gumu zaidi. Msafara wake uliondoka Hispania 1519 ukiwa na meli tano, na Septemba 1522 ikarudi meli moja tu, Victoria, ikiongozwa na Juan Sebastián Elcano na watu 18 ndani yake. Kabla ya kufika nyumbani walipita visiwa vya Cabo Verde, na hapo wakaambiwa kwamba ni Alhamisi wakati daftari la melini lilionyesha Jumatano. Hawakuwa wamekosea kuhesabu. Kwa kuizunguka dunia kuelekea magharibi walikuwa wamepoteza siku moja nzima. Kwa hiyo ile 27 Aprili ya kifo cha Magellan ni tarehe ya daftari la melini, na kwa mstari wa kimataifa wa kubadilisha tarehe unaotumika leo, huko Mactan ilikuwa 28. Wahispania walioitawala Ufilipino waliendelea na hesabu hiyo ya nyuma kwa zaidi ya karne mbili, mpaka ilipoamriwa iruke 31 Desemba 1844 ili ilingane na majirani zake wa Asia. Samoa ilifanya hivyo juzi tu, ilipotoka 29 Desemba 2011 na kuamkia 31 Desemba.

Kuhusu uhakiki, jitahidi kupata vyanzo viwili visivyonakiliana. Orodha nyingi za "siku kama ya leo" hunakili moja kutoka kwa nyingine, kwa hiyo kuikuta tarehe katika orodha kumi kunaweza kuwa ushahidi wa chanzo kimoja tu. Ikiwezekana, nenda kwenye kumbukumbu ya taasisi husika au wasifu ulioandikwa na mtafiti. Halafu jiulize tarehe hiyo ni ya sehemu gani ya tukio. Azimio la Uhuru wa Marekani ni mfano mzuri: Bunge lilipiga kura ya kujitenga 2 Julai 1776, likapitisha maneno ya hati 4 Julai, na wajumbe wengi wakatia saini 2 Agosti. Ukiandika kwamba hati ilitiwa saini na wajumbe wote 4 Julai, utakuwa umeeneza kosa maarufu. Lililo kweli kabisa, na linalosisimua bila kuongezwa chumvi, ni kwamba John Adams na Thomas Jefferson walifariki wote wawili 4 Julai 1826, miaka 50 kamili baada ya hati kupitishwa. Kwa watu waliozaliwa zamani uwe mwangalifu zaidi, kwa sababu mara nyingi kilichoandikwa ni ubatizo. Mtunzi wa muziki Beethoven alibatizwa 17 Desemba 1770, na Shakespeare 26 Aprili 1564. Tarehe 23 Aprili inayotajwa kuwa siku ya kuzaliwa kwake ni desturi iliyotokana na makadirio.

Neno moja kuhusu hisia. Tarehe yenye mauaji ya halaiki au maafa makubwa usiichanganye na kisa cha mchezo au cha burudani katika ujumbe mmoja, hata kama matukio hayo yanapendeza kuwekwa sambamba. Tarehe 7 Aprili, kwa mfano, ambayo dunia inawakumbuka waliouawa Rwanda 1994, iachie swali linalohusu kumbukumbu hiyo, au tuma habari fupi bila kuuliza chochote.

Tarehe 1 Januari itakusumbua kwa sababu ya wingi. Sheria, sarafu na mataifa mengi vimeanzishwa siku hiyo kwa urahisi wa kiutawala, na swali la "kwa nini tarehe hii" linakosa nguvu. Chagua basi tukio lenye uzito wake lenyewe, kama vile Haiti kujitangazia uhuru 1 Januari 1804.

Tarehe 29 Februari itakusumbua kwa uchache, nayo ndiyo yenye hazina nisiyotaka uikose. Mwaka 1504, jioni ya 29 Februari, Columbus akiwa amekwama Jamaika alitumia majedwali ya wanajimu kutabiri kupatwa kwa mwezi ili kuwatisha wenyeji waliokuwa wameacha kumpa chakula. Kumbuka pia kwamba mwaka 1900 tarehe hiyo haikuwapo katika nchi zilizofuata Gregori, lakini Urusi waliiishi. Na Sweden ilikuwa na 30 Februari. Nchi hiyo iliamua kuhama kalenda polepole kwa kuziacha siku za nyongeza za miaka mirefu, ikaiacha ya 1700, lakini ikazihesabu zile za 1704 na 1708 kinyume cha mpango wake. Ikabaki na kalenda isiyolingana na ya yeyote, na mwaka 1712 ikaamua kurudi kwenye Juliasi kwa kuiongezea Februari siku ya 30. Mwaka 1753 ikahamia Gregori kwa mkupuo mmoja, 17 Februari ikifuatwa na 1 Machi. Katika mwaka usio mrefu, swali hili la Sweden litume 1 Machi, pamoja na maelezo mafupi ya kwa nini umeichagua siku hiyo.